Kutoka Begani Hadi Kidoleni: Lini Plasta Inatosha, Lini Mfupa Uwekewe Chuma

Mgonjwa anayefika mapokezi na kusema "nimevunjika mkono" bado hajasema alipovunjika. Mkono kwa Kiswahili ni kila kitu kuanzia begani hadi ncha ya kidole. Kiwiko nacho kina utata wake: kwa wengi ni kisugudi, pale mkono unapokunjwa katikati, lakini wapo wanaoita kiwiko kile kifundo cha kuvalia saa. Neno linaloponza watu zaidi ni kuteguka, kwa sababu limebeba mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Kuna kuteguka kwa ligamenti, nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa, zilizovutika kidogo, ambako barafu na kupumzisha mkono siku kadhaa kunatosha. Kuna pia kuteguka kwa mfupa uliochomoka kwenye kiungo chake, na hiyo ni dharura. Kila siku inayopita kabla haujarudishwa inakuza operesheni itakayohitajika. Yote mawili yanauma, yote yanavimba, na nyumbani yanaitwa jina moja. Eksirei ndiyo inayoyatenganisha, si mikono ya mchuaji.

Upande mmoja wa mwili, ukihesabu mtulinga na bapa la bega mpaka vidoleni, una mifupa 32. Kati ya hiyo, 27 imejazana kuanzia kifundo cha mkono kwenda chini: minane midogo ya kifundo, mitano ya kiganja na 14 ya vidole. Ndugu wa mgonjwa huuliza kwanza kama mfupa utaunga. Mingi huunga, hata bila kisu. Linaloamua upasuaji ni swali jingine: kiungo kitacheza? Goti likikakamaa kidogo, mguu bado utabeba mwili. Kidole kilichokakamaa kikiwa kimenyooka hakishiki mpini wa jembe, hukwama kila mkono unapoingia mfukoni, na wapo wanaorudi hospitali kuomba kikatwe. Chuma huwekwa mkononi ili mfupa utulie kiasi cha kuruhusu bega na vidole kuchezeshwa mapema, kabla kano, kamba zinazounganisha misuli na mifupa, hazijagandana na nyama zinazozizunguka. Picha ya eksirei inaweza kupendeza huku mkono hauna kazi, na ipo mikono mingi yenye picha mbaya inayofua, inayolima na inayoendesha daladala.

Saa za kwanza

Kabla ya yote, vua pete. Mkono uliovunjika huvimba ndani ya saa chache, na pete iliyozunguka yenyewe asubuhi jioni huwa kitanzi kinachozuia damu. Sabuni ikishindwa, pete ikatwe.

Kidonda kilicho karibu na mahali palipovunjika kihesabiwe kuwa kimefika kwenye mfupa mpaka daktari athibitishe vinginevyo, hata kikiwa kidogo kama punje ya hindi. Ajali inapotokea, mfupa huchungulia nje mara moja kisha hurudi ndani na mchanga pamoja na nyuzi za nguo. Kinachotakiwa ni antibiotiki ya kwenye mshipa, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu ajali, kinga ya pepopunda, kuondoa uchafu unaoonekana, kufunika kwa gozi (kitambaa safi cha kidonda) iliyoloweshwa maji ya dripu, na banzi. Mfupa uliotokeza usisukumwe ndani barabarani wala nyumbani. Kusafisha kwenyewe, kwa lita kadhaa za maji na kuondoa nyama iliyokufa, ni kazi ya chumba cha upasuaji. Pale nyama zilipoharibika sana, mfupa hushikiliwa kwanza na vyuma vya nje, vile ambavyo mtaani huitwa antena, mpaka ngozi iwe tayari kupokea bamba la ndani.

Banzi na plasta, yaani ule muhogo, vina hatari yake. Misuli ya kigasha, sehemu kati ya kisugudi na kifundo, imefungwa ndani ya ala isiyotanuka. Uvimbe ukizidi ndani ya ala hiyo, au banzi likikazwa kwa nje kama wafanyavyo baadhi ya waunga mifupa wa kienyeji, damu inashindwa kupita na misuli huanza kufa ndani ya saa 4 hadi 6. Dalili ya mwanzo ni maumivu makali kupita jeraha lenyewe, yasiyosikia dawa, yanayopanda mtu mwingine anapovinyoosha vidole vyako. Usisubiri vidole viwe baridi au mapigo ya damu yapotee. Hayo huja wakati umeshachelewa. Plasta ipasuliwe urefu wote, pamoja na pamba iliyo chini yake, hadi ngozi ionekane. Maumivu yasipotulia, ala inafunguliwa kwa kisu usiku huohuo. Mkono uliopitwa na saa hizo hubaki na vidole vilivyokunjamana kama makucha, na hakuna upasuaji wa baadaye unaorudisha misuli iliyokufa.

Kuna kidonda kimoja kinachodharauliwa sana: mkwaruzo mdogo juu ya fundo la kidole baada ya ugomvi. Mtu amepiga ngumi mdomoni mwa mwenzake, jino limepenya ngozi na kano hadi ndani ya kiungo. Akifungua ngumi, kano inateleza na kufunika tundu, na bakteria wa mdomoni wanabaki wamefungiwa ndani. Siku ya pili au ya tatu usaha umeshaanza kula gegedu. Kidonda hicho hakishonwi. Kinafunguliwa, kiungo kinaoshwa ndani ya chumba cha upasuaji, na mgonjwa anapewa antibiotiki inayowafikia bakteria wa mdomoni. Mgonjwa kwa kawaida huona haya kusema alikipataje, kwa hiyo muulizaji asihukumu, bora apate jibu la kweli.

Kidole kilichokatika kabisa, kwa panga au kwa mashine ya kukatia ng'ombe majani, kifungwe kwenye gozi yenye unyevu, kiingizwe kwenye mfuko mkavu wa plastiki, na mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu isiguse nyama moja kwa moja, kwani inaiunguza. Kidole hakina misuli, hivyo kikiwa kimepozwa huweza kuvumilia saa 24. Mkono uliokatwa kifundoni au juu zaidi una misuli na hauna muda huo. Kuunganisha mishipa ya damu ya milimita moja kunahitaji darubini na timu iliyozoea, na vituo vya namna hiyo katika ukanda wetu ni vichache. Piga simu kabla hujaanza safari.

Bega

Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu kinakaa kwenye bapa la bega kama chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Kisosi hicho ni kifupi, ndiyo maana mkono unaweza kuzunguka kote, na ndiyo maana bega huchomoka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa. Zaidi ya mara 9 kati ya 10 linatoka kwa mbele. Bega linapoteza umbo la duara, mgonjwa anaushika mkono kwa mkono mwingine na hakubali uguswe.

Kulirudisha si mashindano ya nguvu. Daktari kwanza anagusa ngozi ya upande wa nje wa bega kuona kama hisia zipo, kwa sababu neva inayolisha deltoidi, msuli unaofunika bega, inazunguka hapohapo na huvutika kichwa kinapotoka. Jibu linaandikwa kabla ya kuvuta, la sivyo baadaye hakuna atakayejua ganzi ililetwa na ajali au na daktari. Kisha eksirei, kuhakikisha shingo ya mfupa haijavunjika. Baadaye dawa ya usingizi mwepesi, au mililita 20 za dawa ya ganzi, lignokaini ya asilimia 1, zinazodungwa ndani ya kiungo, halafu mvuto wa polepole usiokatizwa mpaka misuli ichoke. Bega likirudi, eksirei ya pili.

Lile linalotoka kwa nyuma ndilo linalopotea. Chanzo chake cha kawaida ni degedege la kifafa au shoti ya umeme, na kwenye picha ya mbele peke yake linaweza kuonekana kama liko mahali pake. Mtu aliyepigwa na umeme, asiyeweza kugeuza kiganja kitazame juu, apigwe pia picha ya kupitia kwapani.

Bega lililokaa nje zaidi ya wiki tatu, wakati likikandwa kwa maji moto na kuchuliwa, halivutwi tena kwa mkono. Nyama zimejaa kwenye kisosi, mfupa umelainika kwa kutotumika, na mshipa mkubwa wa damu wa kwapa umegandia kwenye kichwa cha mfupa. Ukivuta kwa nguvu unavunja mfupa au kuchana mshipa. Hapo ni kufungua, na matokeo yake hayafanani na ya bega lililorudishwa siku ileile.

Kijana chini ya miaka 20 aliyetegukwa bega mara moja ana uwezekano unaozidi nusu wa kutegukwa tena. Kinachoharibika ni ukingo wa gegedu unaozunguka kisosi: unabanduka kwa mbele, na hauponi mahali pake. Daktari Mwingereza Bankart alilieleza jeraha hilo mwaka 1923, na jina lake ndilo linalotumika mpaka leo kwa upasuaji wa kuushona ukingo huo kwenye mfupa kwa nanga ndogo zenye nyuzi, mara nyingi tatu au zaidi. Tatizo ni pale kisosi chenyewe kimelika. Kila bega linapotoka, kichwa kinamega kipande cha ukingo wa mfupa. Upungufu ukifika robo ya upana wa kisosi, kushona nyama peke yake kunashindwa. Hapo inafanywa operesheni iliyobuniwa na Mfaransa Michel Latarjet mwaka 1954: ncha ya mfupa inayochomoza mbele ya bega kama mdomo wa ndege inakatwa kwa urefu wa sentimita 2 hivi pamoja na kano zake, inahamishiwa kwenye ukingo uliolika, na kukazwa kwa skrubu mbili. Mfupa unaziba pengo, na kano zinazoning'inia zinakuwa mkanda unaozuia kichwa kila mkono unapoinuliwa. Kwa mazingira yetu ina faida moja kubwa: inafanyika kwa kufungua, bila kamera ya ndani ya kiungo na nanga za bei ghali. Inamtaka mpasuaji anayeijua njia ya neva ya msuli wa mbele ya mkono, inayopita sentimita chache tu chini ya kile kipande.

Aliyepita miaka 40 ana hatari nyingine. Bega lake halirudii kutoka sana, lakini kano zinazouinua mkono huenda zimechanika. Wiki mbili baada ya kurudishwa, akishindwa kuinua mkono, apimwe kano kabla ya kuambiwa avumilie.

Mtulinga tutapita haraka. Ukivunjika katikati, kama ilivyo kwa wengi, kitambaa cha kubeba mkono shingoni kwa wiki chache kinatosha kwa mtu mzima ambaye ncha hazijaachana sana. Ule mkanda wa kuvuta mabega nyuma kwa umbo la nane hauzidi kitambaa kwa lolote na unachubua makwapa. Upasuaji unafikiriwa ncha zikiachana kabisa na mfupa ukafupika kwa sentimita 2, ngozi ikiwa imenyanyuliwa na ncha mpaka inapauka, au neva na mishipa ikiwa imeguswa. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2007, wenye wagonjwa 132 waliokuwa na ncha zilizoachana kabisa, ulikuta mifupa isiyounga 2 kwa waliowekewa bamba na 7 kwa waliovaa kitambaa. Bamba linakazwa kwa angalau skrubu tatu kila upande. Chini ya mtulinga kuna mshipa mkuu wa damu wa mkono na ncha ya pafu, kwa hiyo keekee inazuiwa kwa chuma bapa isitokee upande wa pili. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba ngozi ya chini ya mshono inaweza kubaki na ganzi, na kwamba aliyekonda atalihisi bamba akivaa begi la mgongoni.

Shingo ya mfupa wa mkono wa juu ndiyo inayozua ubishi. Mama wa miaka 70 akianguka bafuni, picha yake inaweza kuonesha vipande vitatu, na familia ikataka chuma mara moja. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliowagawa watu wazima 250, mifupa ikiwa imehama, kati ya upasuaji na kitambaa. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana katika matumizi ya bega. Utafiti huo haukuwahusu wale ambao upasuaji wao ulikuwa wa lazima, mathalani waliovunjika na bega likatoka pia, na haumsemei kijana aliyerushwa na bodaboda kwa kasi. Lakini kwa mzee mwenye mfupa uliopungua madini, kitambaa na mazoezi yanayoanza mapema ni tiba kamili, wala si kutelekezwa.

Bamba likilazimu, makosa yake yanajulikana. Likikaa juu mno linagonga paa la bega kila mkono unapoinuka. Linapaswa kushuka milimita 5 hadi 8 chini ya kilele cha nundu kubwa ya mfupa. Skrubu zikiwa ndefu, kichwa kinaposhuka kidogo zinatoboa gegedu na kukwangua kisosi kama msasa, ndiyo maana ncha zinaachwa milimita 5 kabla ya uso wa kiungo. Upande wa ndani wa shingo usipoegemezwa, mfupa wote unainama na bamba linang'oka. Kichwa kilichopasuka vipande visivyoungika hubadilishwa. Kwa wazee ambao kano zao zimechoka hutumika bega la bandia la kugeuzwa, lililobuniwa na Mfaransa Paul Grammont katika miaka ya 1980: tufe linahamia kwenye bapa na kisosi kinahamia mkononi, ili deltoidi peke yake iweze kuuinua mkono.

Kifundo cha mkono

Mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa, Abraham Colles wa Dublin alieleza kwa kupapasa tu namna mfupa wa kigasha wa upande wa gumba unavyovunjika mtu anapoanguka na kuegemea kiganja. Mkono unachukua umbo la uma wa mezani ukitazamwa ubavuni. Hadi leo ni miongoni mwa mivunjiko inayoonekana zaidi kliniki.

Hapa hesabu zina maana. Uso wa kiungo kwa kawaida umeinama kuelekea kiganjani kwa nyuzi 11 hivi, na ncha ya upande wa gumba imezidi urefu kwa milimita 11 hadi 12. Baada ya kuvutwa na kufungwa plasta, daktari anapima upya: uso usiiname kwenda mgongoni mwa mkono zaidi ya nyuzi 10, mfupa usifupike zaidi ya milimita 3, na ndani ya kiungo kusiwe na ngazi ya kufika milimita 2. Kwa kijana na fundi vipimo hivi vinashikwa kwa ukali. Kwa bibi anayeendesha shughuli zake ndogo za nyumbani tunalegeza, kwa kuwa wengi wao hutumia vizuri kifundo kilichounga vibaya. Eksirei irudiwe baada ya wiki moja na tena baada ya wiki mbili, maana mfupa huteleza ndani ya plasta pale uvimbe unapopungua. Ukigundua wiki ya pili, bado unasukumika. Ukigundua wiki ya sita, ni kuuvunja upya kwa msumeno.

Njia ya bei nafuu ni pini: waya mbili au tatu za milimita 1.6 zinazopitishwa kwenye ngozi baada ya mfupa kuvutwa mahali pake, zikalindwa na plasta, zikatolewa baada ya wiki 4 hadi 6 bila kuingia tena chumba cha upasuaji. Njia ya pili ni bamba la upande wa kiganja. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014 wenye watu 461 haukukuta tofauti ya maana kati ya hizo mbili, ilimradi kiungo kiwe kinarudishika bila kufunguliwa. Mtu asiuze shamba kwa sababu ameambiwa pini ni tiba ya maskini. Bamba lina nafasi yake pale uso wa kiungo umepasuka na hauvutiki, au vipande vimesagika.

Pini huharibu kwa njia mbili. Moja ni kuingia usaha kwenye tundu la ngozi. Nyingine ni kuchoma neva nyembamba inayopita juu ya ncha ya mfupa upande wa gumba. Ngozi ikichanwa kwa sentimita moja na nyama kutenganishwa kwa koleo butu kabla ya pini kuingia, neva inaonekana na kuepukwa. Bamba nalo likisogezwa kupita ukingo wa mwisho wa mfupa, kano inayokunja gumba inasuguana na chuma mpaka inakatika, wakati mwingine baada ya miaka. Skrubu ikitokeza mgongoni hata kwa milimita mbili, inasaga kano inayonyanyua gumba. Mgonjwa atasema: nilikuwa nimepona kabisa, asubuhi moja gumba likagoma kuinuka. Aliyefungwa plasta tu, bila chuma chochote, naye anaweza kupatwa na hilo wiki kadhaa baadaye, kwa sababu kano ilibanwa na uvimbe kwenye mfereji wake.

Jirani yake ni skafoidi, mfupa mdogo wenye umbo la mashua ulio chini ya kile kishimo kinachotokea ukiinua gumba. Damu yake inaingia kwa mbele na kurudi nyuma. Ukivunjika kiunoni au nyuma zaidi, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu na kufa, na baada ya miaka kifundo kizima kinalika. Shida ni kwamba eksirei ya siku ya kwanza inaweza kuwa safi kabisa. Kijana aliyeangukia kiganja, akibonyezwa kishimoni akaruka kwa maumivu, afungwe hata kama picha haioneshi kitu, apigwe picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Kumrudisha nyumbani na dawa ya kuchua ndiko kunakozaa vifundo vibovu tunavyoviona akiwa na miaka 30.

Skafoidi iliyovunjika kiunoni bila kuhama zaidi ya milimita 2 huunga kwa plasta ya wiki 8 hadi 12. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020, wenye watu 439, ulionesha kwamba kuikimbilia skrubu hakukuleta mkono bora kuliko plasta, mradi isiyounga ishughulikiwe mapema. Iliyohama, au iliyovunjika ncha ya nyuma, inawekewa ile skrubu isiyo na kichwa iliyoletwa na Timothy Herbert wa Australia mwaka 1984. Hatua za mzingo wake hazilingani mbele na nyuma, hivyo inapozungushwa inabana vipande viwili pamoja, kisha inazama yote chini ya gegedu.

Kiganja na vidole

Chukua mkono wako, kunja vidole vinne polepole. Vyote vinaelekea sehemu moja chini ya gumba, na kucha zinajipanga kama vigae. Kwa mfupa wa kiganja uliovunjika, hiki ndicho kipimo kilicho muhimu kuliko eksirei. Mfupa ukijipinda kwenye mhimili wake kwa nyuzi 5 tu, kidole kinapokunjwa kinapanda juu ya jirani yake kwa sentimita moja na nusu. Picha haitaonesha, na mwili wa mtu mzima hausahihishi. Kuinama kunavumilika kulingana na kidole: shingo ya mfupa wa kidole cha mwisho, unaovunjika kwa ngumi, inaweza kuinama hata nyuzi 40 mtu akabaki na mshiko mzuri, ilhali kwa kidole cha shahada nyuzi 15 ni nyingi. Kupinda hakuvumiliki kwa kidole chochote.

Ndiyo maana ganzi ya mkono mgonjwa akiwa macho ni jambo kubwa kwetu. Badala ya nusu kaputi na mpira wa kukaza mkono, daktari anadunga lignokaini iliyochanganywa na adrenalini kwa uwiano wa 1 kwa 100,000, anasubiri kama dakika 30 mpaka ngozi ipauke, ndipo anakata bila damu nyingi. Kipimo cha juu ni miligramu 7 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 asizidishiwe mililita 42 za asilimia 1. Vizazi vya madaktari vilifundishwa kwamba adrenalini inaua vidole. Fundisho hilo lilitokana na dawa za ganzi za zamani, na Donald Lalonde wa Kanada na wenzake wamefanya kazi kubwa ya kulifuta. Faida yake inaonekana mezani: waya zimeshaingia, daktari anasema, "Kaka, kunja vidole," na mgonjwa anakunja. Kidole kikipanda juu ya mwenzake, waya inatoka na kurudishwa papo hapo. Aliye kwenye nusu kaputi hawezi kukupa jibu hilo.

Vidole hutosheka na waya za milimita 1 hadi 1.2. Mabamba madogo yanabeba nguvu zaidi lakini kwenye kidole kano inalala juu ya mfupa kama mkanda, na kila chuma kinachoingia kati yake huzaa kovu. Kwenye mifupa ya kiganja bamba linakubali. Kwenye kidole tunalikimbilia likishindikana lingine.

Namna ya kufunga inaharibu mikono kuliko kisu. Kiganja kikifungwa vidole vikiwa vimenyooka wima mafundoni, ligamenti za pembeni zinakuwa zimelegea, zinajikunja na kufupika hivyohivyo, na baada ya wiki nne fundo halikunji tena. Mkao sahihi: kifundo kinainuliwa nyuzi 20 hadi 30, mafundo makubwa yanakunjwa nyuzi 70 hadi 90, viungo viwili vya mbele vinanyooka. Ule ubao wa kulaza kiganja chote bapa, unaoonekana bado kwenye zahanati, uachwe.

Baada ya mshono

Mvunjiko unaohitaji upasuaji ni bora ufanyiwe ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo mfupa mchanga umeshaziba mpaka na kila kitu kinataka nguvu. Kama rufaa ya kwenda hospitali kubwa kama MOI ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi, Kenyatta ya Nairobi au Mulago ya Kampala inachukua siku, iombwe mapema, si baada ya kujaribu tiba tatu za mtaani.

Mazoezi yanaanza siku ileile: vidole visivyofungwa vikunjwe hadi vigusane na kiganja na kunyooshwa, mara 10 kila saa ukiwa macho, mkono ukiwa juu ya usawa wa moyo. Bega lililo kwenye kitambaa linaanza kupepea kama pendulumu, mwili umeinama, kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Maumivu ya kuvutika yanaruhusiwa. Uvimbe unaoongezeka usiku, jasho upande mmoja wa mkono, ngozi inayong'aa na isiyotaka hata shuka, virudi kwa daktari. Usaha, homa, au mshono unaolia baada ya siku ya tano, vilevile. Sigara inachelewesha mfupa kuunga, na sukari isiyodhibitiwa inaalika maambukizi. Mabamba ya kifundo na mtulinga hayalazimiki kutolewa. Yanatolewa yakisumbua au yakitishia kano.

Waya za kidole hutoka wiki ya tatu au ya nne, na hapo ndipo watu wengi wanapoogopa. Eksirei bado inaonesha mstari wa ufa, na utaendelea kuonekana kwa miezi kadhaa, kwa sababu mfupa wa kidole huunga kabla haujaandika kwenye picha. Daktari anabonyeza kwa kidole chake palipovunjika. Pasipouma, waya inatoka na kidole kinaanza kukunjwa siku hiyohiyo, kwanza ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, kikiwa kimefungwa pamoja na jirani yake kwa plasta ya kubandika.